Nondo za linta ziko nje: nipige plasta au nibomoe ukuta?

MUULIZE FUNDI

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mikindani katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Aliijenga mwaka 1994 kwa tofali za bloku za inchi 6, na kutoka mlangoni hadi baharini ni mwendo wa dakika tatu. Juu ya mlango wa mbele plasta imeanguka, zege linabanduka na nondo ziko nje, nyekundu kwa kutu. Wiki iliyopita kipande cha ukubwa wa kiganja kilimpata mwanangu begani. Fundi mmoja anasema atapiga plasta nzito kwa shilingi 40,000 na yataisha. Wa pili anataka kubomoa ukuta wote wa mbele. Mlango una upana wa sentimita 90. Pesa ya korosho ya mama haijaingia yote, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nimpe pole tena mtoto. Kwa kuwa kutoka Mtwara mjini hadi kwenu ni kilomita kama 10 tu, Jumamosi nilikuja mwenyewe, na mengi tuliyazungumza pale barazani. Nakujibu hapa kwa urefu kwa sababu barua kama yako zinanifikia kutoka Shangani, Msimbati, Lindi mjini hadi Kilwa Kivinje. Zote zina habari ile ile ya nondo nyekundu juu ya mlango, na fundi amesimama na karai la plasta tayari.

Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili.

Niliigonga linta yako, yaani lile boriti la zege juu ya mlango, kwa nyundo ndogo kutoka kushoto kwenda kulia. Zege zima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Zege lililoachana na nondo hujibu kwa sauti ya debe tupu. Yako ilijibu kama debe karibu urefu wote, isipokuwa kona ya kushoto pale inapoingia ukutani. Kisha mama yako akanipa kile kipande kilichompata mtoto, alikuwa amekiweka dirishani. Nilikipasua. Ndani mlikuwa na vijipande vya makombe, na simbi moja nzima, ndogo kuliko punje ya hindi. Nilikwambia pale pale kwamba huo ni mchanga wa ufukweni. Uliniuliza kama baba alidanganywa. Sidhani. Watu wengi wa pwani hii walijenga hivyo, kwa kuwa mchanga ulikuwa karibu na haukuhitaji lori. Nami nikiwa kibarua nimeuchota kwa ndoo na kuumwaga kwenye zege, na hakuna aliyenikataza.

Ubaya wa mchanga ule ni chumvi. Nondo ikiwa ndani ya zege jema haishiki kutu hata likiwa na unyevu kidogo, kwa sababu saruji huivika utando mwembamba unaoilinda. Chumvi hula utando huo. Unyevu na hewa vikishafika, chuma kinaanza kuoza, na kutu inayotoka huchukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilicholiwa, mara kadhaa. Haina pa kwenda, basi inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Ndiyo maana ufa wako wa kwanza, ule ambao mama aliuona miaka mitatu iliyopita na kuupaka rangi, ulikuwa umelala sambamba na nondo upande wa chini. Ufa wa namna hiyo ni wa kutu. Linta iliyoelemewa na uzito hupasuka kwa kusimama, katikati, kuanzia chini kwenda juu.

Kwako liko na jambo la pili. Nilipopima kutoka uso wa chini wa zege hadi kwenye nondo nilipata sentimita 1 tu. Aliyemwaga aliilaza nondo karibu kabisa na ubao. Karibu na bahari nataka sentimita 4.

Sasa, kwa nini nakataa plasta? Niliisugua nondo moja kwa brashi ya waya, kutu ikatoka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, mpaka nikaona chuma cheupe. Ilikuwa nondo ya milimita 12. Iliyobaki ni milimita 10. Mtu atasema milimita 2 si kitu, lakini nguvu ya nondo iko kwenye unene wake wa mviringo mzima. Zidisha 12 kwa 12, upate 144, kisha 10 kwa 10, upate 100. Karibu theluthi moja ya chuma imekwenda. Plasta hairudishi chuma hicho. Wala haiondoi chumvi iliyobaki ndani. Itakaa mwaka, pengine miwili, halafu itaanguka kwa kipande kizito kuliko hiki cha sasa, na kwa muda wote huo mtakuwa mnapita chini yake mkidhani mko salama. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna linta za kuzibwa, sikatai. Zege likiwa la mchanga mzuri na pameoza sehemu fupi tu, mathalani pale maji ya bati yalipokuwa yakidondokea, unachimba kwa tindo mpaka uipite nondo kwa nyuma, vidole viwili viingie, unaisugua hadi iwe nyeupe, unaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, unapaka uji wa saruji, kisha unajaza mota ya saruji moja kwa mchanga tatu kwa tabaka, uji ukiwa bado mbichi. Nondo ikiwa imeliwa sana unaifunga nyingine pembeni. Lakini palipo na simbi ndani ya zege, ukiziba hapa kutu inahamia pale jirani. Nimerudi kwenye nyumba za namna hiyo mara ya pili na ya tatu. Ya kwako inatolewa yote, inawekwa nyingine.

Huyo wa kubomoa ukuta wote naye ametia chumvi. Tofali zikifungwa vizuri hubebana zenyewe kama upinde. Ukiondoa linta ya mlango wa sentimita 90, kinachotaka kushuka ni tofali za katikati zilizokaa mfano wa pembetatu, kilele chake kikiwa kama sentimita 80 juu ya linta. Zilizo nje ya pembetatu zinaegemea kuta za kulia na kushoto. Kwa hiyo kazi ni kuibeba pembetatu hiyo na paa lililo juu yake kwa siku chache. Ukuta wa baba yako uko wima, niliuweka timazi, na msingi haujatitia. Uacheni.

Hapa pa kubeba ndipo nataka umsimamie fundi wako kwa macho mawili, maana hapa ndipo watu wanaumia. Nilikuwa na miaka kama 20, tunabadilisha linta kwenye nyumba moja hapa Mtwara. Mkubwa wetu wa kazi aliona fremu ya mlango ni ya mninga, nene, akasema inatosha kushika. Tukaanza kupiga nyundo. Linta ilipokatika katikati, fremu ilipinda kwa ndani kama mtu anayekunja goti, na kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, zikashuka pamoja. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili chini ya goti. Hakupanda ngazi tena. Nilimbeba mimi na mwenzangu hadi barabarani, na vumbi lile la chokaa nalikumbuka hadi leo. Fremu ya mlango haijatengenezwa kubeba ukuta. Fundi akikwambia fremu inatosha, mlipe nauli yake aende.

Anzeni na paa. Kenchi zenu mbili, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zinatua karibu na mlango, kwa hiyo ndani ya sebule mtaweka ubao mnene chini ya kenchi hizo na mirunda miwili ya kuushikilia, ikazwe kwa kabari. Kisha toboeni matundu mawili ukutani, kozi moja juu ya linta, kila tundu likiwa ndani kidogo ya ukingo wa mlango. Kila tundu lipitishe gogo la mbao ngumu la inchi 4 kwa 4, urefu wa kama mita 1.8, litokeze ndani na nje. Chini ya kila ncha simamisha mrunda, mbali na ukuta kama sentimita 70 ili mpate nafasi ya kufanyia kazi. Mirunda isikanyage udongo mtupu. Ikanyage ubao mpana, na kabari mbili zinazopishana zipigwe kati ya ubao huo na mrunda mpaka gogo likaze juu dhidi ya tofali. Palipo na uwazi kati ya gogo na tofali, jaza mota ngumu na usubiri kesho yake. Nje kwenu pana mchanga mwepesi, hivyo ubao wa pale uwe mpana zaidi. Ukiligonga gogo kwa nyundo likawa halichezi hata kidogo, hapo ndipo linta inaguswa.

Hata hivyo, msiiguse bado. Linta mpya inatangulia kutengenezwa. Nakushauri muimwage chini, pale kwenye kivuli cha mwembe, badala ya kuimwaga juu. Ukuta utakaa wazi kwa siku moja tu, na ni rahisi kuimwagilia. Urefu ni sentimita 130, yaani 90 za mlango na 20 za kukalia ukutani kila upande. Upana 15, kimo 20. Itakuwa na uzito unaokaribia kilo 95, kwa hiyo siku ya kuipandisha tafuteni watu wanne na jukwaa imara. Nondo mbili za milimita 12 zikae chini, mbili za milimita 10 juu, zifungwe kwa ringi, yaani vyuma vya kukunjwa vinavyozizunguka, za milimita 8 kila baada ya sentimita 15. Kwa kuwa tunataka sentimita 4 za zege kila upande, ringi itakunjwa kwa vipimo vya nje vya sentimita 7 kwa 12. Inaonekana ndogo. Fundi ataguna. Mwambie akunje hivyo hivyo. Chini weka biskuti za saruji za sentimita 4 ili nondo zisilale kwenye ubao.

Zege ni ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga, tatu za kokoto za nusu inchi hadi robo tatu. Kwa ndoo ya lita 10 ya saruji, maji ni lita 7. Vibarua watalia kwamba ni gumu, watataka kuongeza kopo. Lishindilieni kwa kipande cha nondo na kugonga ubao pembeni, msiongeze maji, maana maji yanayozidi hukauka na kuacha vitundu, na chumvi hupita humo humo. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha linta na kazi ya kuziba, na saruji kwetu haitoki mbali, kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara. Usiibanie.

Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo la bara. Lori likifika, kabla halijamwaga, chukua konzi mbili, tia kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha utulie, onja yale maji. Ukisikia chumvi, lirudishe. Na kisima chenu kile cha uani, ambacho mama alisema chai yake haikolei, maji yake yafulie nguo. Zege lipate maji ya bomba.

Katika kumwaga kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwenye sakafu ya boksi la mbao mtakamomwaga zege, karibu na ukingo utakaoelekea nje, lazeni kijiti cha sentimita 1 kabla ya kumwaga, kitaacha mfereji mdogo chini ya linta, na maji ya mvua yatadondokea hapo badala ya kutambaa kuelekea ndani. Na juu ya zege bichi andika kwa msumari neno JUU, kwa herufi kubwa. Nimeona linta imewekwa kichwa chini, nondo nene ziko juu, na waliokuwa wakiisifia ni mafundi wazoefu. Zege linahimili kukandamizwa, halihimili kuvutwa, na linta ikielemewa ni sehemu ya chini ndiyo inayovutwa. Nondo nene ikiwa juu, kule chini panabaki nondo nyembamba peke yake.

Ifunikeni kwa magunia na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa siku 14. Wape watoto kazi hiyo, wanaipenda. Iacheni wiki moja zaidi. Siku ya kubadilisha, ya zamani ivunjwe kwa vipande vidogo kuanzia katikati, isiangushwe nzima. Safisha pale linta inapokalia ukuta, kulia na kushoto, tandika mota, pandisha mpya, weka pima maji. Juu yake utabaki uwazi wa kama sentimita 2 au 3. Huo ndio watu wanaoujaza kwa mota ya majimaji, ikikauka inasinyaa, na ukuta unashuka kuutafuta. Tumia saruji moja kwa mchanga tatu, maji kidogo tu, mota ambayo ukiifinyanga kiganjani inashikamana kama tonge la ugali mgumu na haikuachii maji mkononi. Ishindilie kwa kipande cha ubao na nyundo kutoka pande zote mbili, mpaka ubao urudi mkononi kama umepiga jiwe. Baada ya siku tatu toa magogo, ziba matundu. Mirunda ya paa iwe ya mwisho, siku ya saba.

Na ongezeni bati juu ya mlango ule. Mvua ya upepo inaupiga uso wa ukuta moja kwa moja, hakuna upenu. Tazama nyumba za kale hapo hapo Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya milango yake kuna boriti za mikoko. Zile ambazo paa limetunzwa, boriti bado zinabeba. Zilizoachwa bila paa zimeshuka zote. Napita pale kila mara na kuziangalia kwa huzuni.

Kwa wasomaji wengine neno moja. Linta ya mwalimu ni ya peke yake juu ya mlango. Kama ya kwako imezunguka nyumba nzima kwa mshipi mmoja, usiikate kwa maelezo haya. Ukiikata unaufungua mkanda unaozishika kuta zote. Mtafute mhandisi aione kwanza.

SWALI: Fundi, mimi niko Lindi. Linta za nyumba yangu zimemwagwa Jumatatu, leo Alhamisi fundi anataka kufungua mbao akazitumie kwa mtu mwingine. Anasema kwa joto hili zimeshakauka.
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Mbao za pembeni afungue, zilishamaliza kazi tangu juzi. Ubao wa chini na mirunda yake vikae siku 14 kwa milango na madirisha ya kawaida, na siku 21 palipo na uwazi wa mita mbili au zaidi, kama kibaraza au gereji. Joto la Lindi analolisifia ndilo linalonyonya maji ambayo saruji inayahitaji, kwa hiyo mwagilia hasa mchana. Kama mbao ni zake na ana haraka, mlipe kodi ya wiki mbili. Ni nafuu.

SWALI: Shikamoo mzee. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, hatuko karibu na bahari. Kuna ufa wa mshazari unaoanzia kona ya juu ya dirisha na kupanda kuelekea paa. Je, ni linta?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Huenda. Bandua plasta kwenye kona hiyo uone linta imekalia ukuta kwa kiasi gani. Mara nyingi unakuta sentimita 5 au 8, na tofali la pembeni limepondeka kwa kubeba uzito wote kwenye ncha. Chini ya sentimita 15 hairidhishi, nami napenda 20. Ukikuta imekaa vizuri, basi tazama chini, pengine msingi unatitia upande mmoja. Chora mstari wa kalamu ya risasi mwisho wa ufa, andika tarehe pembeni, pima upana wake, kisha acha mvua za msimu huu zipite. Ufa ukiuvuka mstari au ukipanuka, shida iko ardhini, na kubadilisha linta hakutasaidia kitu.

Ikiwa ni linta, fuata niliyomwandikia mwalimu, ila huko kwenu juu maji ni ya kununua kwa dumu. Baada ya kumwaga, lowesha magunia vizuri mara moja, kisha yafunike kwa nailoni nzima isiyotoboka na kuikandamiza kwa mawe pande zote. Fungua kila baada ya siku mbili, gusa gunia kwa mkono. Likiwa bado na ubichi, funika tena.